Maswali ya Wasomaji: Pedali za Korasi, za Zamani na za Sasa

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: pedali ya korasi ya zamani au ya kisasa? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kwa anayeanza, pedali ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, na ile ya korasi huchukua sauti ya gita, hutengeneza nakala yake, huichelewesha kwa muda mfupi mno, kisha huurefusha na kuufupisha muda huo bila kukoma. Nakala ikichanganyika na sauti halisi, gita moja husikika kama mawili yanayopiga pamoja.

Habari za kazi, mafundi. Napiga gita la solo kwenye bendi ya dansi. Kuna mtu ananiuzia Boss CE-2 ya zamani kwa bei inayozidi ya CE-2W mpya. Anasema za siku hizi ni dijitali na haziwezi kuifikia sauti ile. Ni kweli? — Mpiga solo, Morogoro

Si kweli, ndugu yetu. Korasi ya gita kama tunavyoijua ilianzia ndani ya amplifaya, Roland JC-120 ya mwaka 1975, yenye spika mbili za inchi 12. Mwaka uliofuata sakiti ile ikawekwa kwenye sanduku lake, ikaitwa Boss CE-1, pedali ya kwanza kabisa ya Boss. CE-2 ikaja 1979: ndogo, inatumia betri, ina nobu mbili tu, Rate na Depth, na tundu moja la kutolea sauti.

Kinachochelewesha sauti ndani ya hizo zote ni chipu ya BBD. Ndani yake mna safu ya kapasita ndogo sana zinazopokezana sauti kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji, na kila pigo la klok, yaani sakiti inayotoa mapigo ya mwendo, linaisogeza sauti mbele. CE-1 hutumia MN3002 yenye hatua 512, na CE-2 hutumia MN3007 yenye hatua 1,024, zote za Matsushita. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya idadi ya hatua kwa mara mbili ya kasi ya klok. MN3007 ikiendeshwa kwa mapigo 100,000 kwa sekunde huchelewesha sauti kwa milisekunde 5.12, na klok ikishuka hadi 50,000 inakuwa milisekunde 10.24. Depth huamua klok iyumbe kiasi gani, Rate huamua iyumbe haraka kiasi gani.

Ule ulaini unaosifiwa unatoka kwenye vichujio. BBD haiwezi kufanya kazi bila kichujio mbele yake na kingine nyuma yake, la sivyo mlio wa klok utapenya hadi kwenye spika. Vichujio hivyo hupunguza ukali wa nakala peke yake; sauti halisi hupita pembeni ikiwa nzima. Ndiyo maana korasi ya aina hii hukaa chini ya gita, haigombani nalo. Na CE-2W, iliyotoka 2016, nayo ni ya BBD, analogi mwanzo hadi mwisho. Ina hali ya CE-2, hali ya korasi ya CE-1 na hali ya vibrato ya CE-1, tena ina matundu mawili ya stereo ambayo CE-2 haikuwa nayo.

Tofauti utakayoisikia kati yao mara nyingi ni ya vipuri vilivyochoka. Hata CE-2 mbili za zamani zinaweza zisilingane, kwa kuwa kapasita zake zimekauka kwa viwango tofauti na bias ya chipu, yaani volti inayoiweka tayari kupokea sauti, imehama. Kwa bei unayotajiwa, sisi tungechukua CE-2W.

Kama moyo wako umekwisha kuangukia ile ya zamani, ipime kabla hujatoa pesa. Nenda na betri mpya ya volti 9, kebo mbili unazoziamini na amplifaya iliyowekwa sauti safi. Fungua kwanza sehemu ya betri: unga wa kijani au mweupe kwenye waya ni alama ya betri iliyowahi kuvuja. Weka Rate chini kabisa, Depth juu kabisa, piga waya wa E nzito uuache ulie. Sauti inatakiwa iyumbe taratibu bila kukwama. Ikikwaruza kila inapofika sehemu ile ile, bias au klok ina tatizo. Shusha Depth hadi mwisho, usipige kitu, sikiliza. Mvumo mdogo wa "shhh" ni wa kawaida, lakini mluzi mwembamba si wa kawaida. Ukiwa bado kimya, pandisha Rate: ukisikia "tik, tik, tik" inayoongeza kasi pamoja na nobu, ujue osileta ya polepole, ambayo mafundi huiita LFO, inavuja kwenye njia ya sauti. Halafu kanyaga swichi mara 20 mfululizo. Ikikosa hata mara moja itabidi ibadilishwe, nalo ni jambo dogo, ila lishushe bei.

Hamjambo. Nimeletewa Boss CE-1 kutoka Japani. Plagi yake ina pini mbili bapa na nyuma pameandikwa 100V. Nikiweka kibadilisha plagi naweza kuichomeka ukutani? — Msomaji, Nairobi

Hapana, usiichomeke! Kibadilisha plagi hubadilisha umbo la pini tu, umeme unabaki ule ule. CE-1 haina betri wala adapta. Transfoma yake imo ndani na imetengenezewa volti 100. Umeme wa Kenya ni volti 240. Kila volti iliyomo ndani itapanda zaidi ya mara mbili, na kabla hujagundua kosa transfoma itakuwa inanuka.

Nunua transfoma ya kushusha umeme kutoka 240 hadi 100. Hakikisha ni transfoma ya kweli, nzito, ya waya na chuma. Vile vifaa vyepesi vya wasafiri, vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukaushia nywele, hukatakata mkondo wa umeme na pedali itanguruma usiku kucha. Uwezo wa VA 50 unatosha na kubaki, maana pedali hii inakula wati chache. Wengi huishia kununua ya volti 110 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Hiyo ni asilimia 10 zaidi ya inavyotakiwa, na CE-1 ina umri mkubwa. Tafuta ya 100 kamili. Iweke mbali na gita, mita moja au zaidi, kwa sababu pikapu, zile sumaku za gita zinazonasa mlio wa nyaya, hunasa pia mngurumo wa transfoma.

Kama pedali imelala miaka mingi, mpe fundi aiwashe mara ya kwanza kwa kupitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 40, ile ya waya unaong'aa, iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endeleeni. Kazi hii inagusa umeme wa ukutani, kwa hiyo asiye fundi asiijaribu.

Kuhusu sauti, fahamu kwamba CE-1 huipitisha sauti kwenye sakiti yake ya kuikuza hata ukiwa umezima korasi. Tena mlango wake wa kuingizia huilemea pikapu ya gita na kuondoa ukali. Ukitanguliza pedali yoyote yenye bafa, yaani sakiti inayoikinga pikapu isilemewe, kwa mfano pedali nyingine ya Boss hata ikiwa imezimwa, ukali unarudi. Nobu ya Level ipandishe mpaka taa nyekundu imulike pale tu unapokung'uta nyaya zote kwa nguvu.

Shikamooni wakubwa. CE-2 yangu kwa betri inapiga vizuri sana. Nikitumia adapta ya volti 9 taa inafifia na korasi inakuwa dhaifu. Adapta ni mpya, nimeijaribu kwenye pedali nyingine haina shida. — Kijana wa bendi ya kanisa, Mwanza

Marahaba. Pedali yako ni nzima. Tazama maandishi karibu na tundu la adapta au kwenye lebo ya chini: utakuta neno ACA. Pedali za Boss za wakati ule zilitengenezewa adapta ya ACA, ambayo iliandikwa volti 9 lakini, kwa kuwa haikuwa na kidhibiti, ilitoa karibu 12 ikiwa na pedali moja tu. Wahandisi waliweka rezista na daiodi ndani ya pedali ili kuzipunguza. Adapta za sasa, za aina ya PSA, hutoa 9 kamili. Zile rezista na daiodi zikipunguza tena, sakiti inabaki na njaa. Betri haipitii njia hiyo, ndiyo maana nayo haina tatizo.

Una njia tatu. Iliyo salama kuliko zote ni adapta ya volti 12 DC yenye kidhibiti, hasi katikati, inayolisha pedali hii peke yake. Ya pili ni kuilisha kwa volti 9 kwenye mnyororo mmoja na pedali nyingine yenye lebo ya PSA, huku zote mbili zimeunganishwa kwa kebo ya sauti. Graundi itapita kwenye kebo, itaruka rezista na daiodi, na pedali itapata 9 zake. Hii inawashangaza wengi: pedali iliyokuwa hafifu peke yake inapona ikiwekwa kundini. Ya tatu ni fundi kuziruka rezista na daiodi kwa kipande cha waya. Akifanya hivyo, bandika karatasi yenye maandishi "volti 9 tu" karibu na tundu.

Usichanganye njia ya kwanza na ya pili. Ukiweka volti 12 kwenye mnyororo wa pamoja, graundi itaruka ule ulinzi na CE-2 itapokea 12 nzima, na zile pedali zako nyingine nazo zitapokea 12.

Ndugu mafundi, nawasalimu toka Lubumbashi. Kwenye rumba ya polepole korasi yangu ni tamu, lakini tukiingia sebene inasikika kama gita limetoka kwenye tyuni. Nibadilishe pedali? — Mpiga mi-solo, Lubumbashi

Bado. Tatizo liko kwenye Rate, na hesabu itakuonyesha.

Chukua sebene la mapigo 130 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo. Noti moja inadumu kama milisekunde 115. Ukiweka Rate ya mizunguko 5 kwa sekunde, mzunguko mmoja wa korasi unachukua milisekunde 200, yaani noti hazifiki mbili. Noti ya kwanza inaangukia pale nakala imepanda, ya pili pale imeshuka. Sikio halisikii tena uyumbaji, linasikia noti mbili zisizopatana. Ukishusha Rate hadi nusu mzunguko kwa sekunde, mzunguko mmoja unabeba noti 17. Kila noti inafanana na jirani yake, na uyumbaji unapita taratibu juu ya mstari mzima.

Jambo la pili: Rate na Depth huzidishana. Tuseme ucheleweshaji unayumba kwa milisekunde 2 kutoka juu hadi chini. Kwa mzunguko mmoja kwa sekunde, nakala inapanda na kushuka kwa asilimia 0.4. Ukipandisha Rate hadi mizunguko 4 bila kugusa Depth, inakuwa asilimia 1.6. Kumbuka nusu-toni nzima, kutoka fret moja hadi ya pili, ni karibu asilimia 6. Sasa umekwisha kutoka kwa zaidi ya robo ya fret. Kila unapopandisha Rate, shusha Depth.

Kwa sebene anza na Rate chini kabisa na Depth katikati. Piga sehemu yako ya haraka kuliko zote, pandisha Rate kidogo kidogo, na pale tyuni inapoanza kukukera rudi nyuma hatua moja. Baada ya hapo usiiguse.

Na kitu kimoja zaidi, maana wewe ni mi-solo, gita lililo kati ya ridhimu na solo: korasi zikiwa kwenye magita yote matatu kwa pamoja, zinazaa ukungu. Kila pedali ina mwendo wake, na hakuna anayesikia tena nani anapiga nini. Gita la ridhimu lipige kavu, wewe chukua korasi, solo atumie kidogo au dilei tu. Magita yote yafungwe tyuni pedali zikiwa zimezimwa.

Nina kifaa cha dijitali chenye efekti nyingi ndani. Korasi yake inang'aa mno, kama glasi. Nawezaje kuikaribia sauti ya CE-2 au Small Clone bila kununua pedali nyingine? — Msomaji, Bujumbura

Unaweza kufika karibu sana. Korasi ya dijitali kiwandani huwekwa ing'ae na isambae ili imvutie mnunuzi dukani. Pedali za zamani zilikuwa na sauti moja, nyembamba kidogo na yenye giza. Anza kwa kupunguza. Chagua korasi ya nakala moja, si ya nakala tatu au nne. Feedback iwe sifuri, kwa sababu yenyewe huipeleka korasi upande wa flanja, efekti nyingine yenye mvumo wa kama ndege. Ucheleweshaji uweke kwenye milisekunde 8, kisha ujaribu kati ya 5 na 12. Mchanganyiko uwe nusu kwa nusu.

Halafu tafuta kichujio cha sauti za juu kwenye nakala, ambacho mara nyingi kimeandikwa High Cut au Tone, na ukate kuanzia kama kilohezi 5. Hatua hii peke yake hufanya zaidi ya nusu ya kazi. Kama kifaa kinakuruhusu kuchagua umbo la wimbi la LFO, chagua la pembetatu. Wimbi la pembetatu huifanya nakala ikae juu kidogo kwa kiwango kile kile, kisha chini kidogo kwa kiwango kile kile. La mviringo huyumba mfululizo na husikika laini zaidi.

Small Clone ya Electro-Harmonix, ambayo Kurt Cobain aliipa umaarufu mkubwa, ina nobu moja tu ya Rate na swichi ya Depth yenye nafasi mbili. Kwa hiyo usihangaike na vipimo vingi. Tengeneza sauti mbili, moja ya kina kidogo na moja ya kina kikubwa, hifadhi, cheza.

Angalizo moja: kifaa cha dijitali huchukua muda kidogo kuigeuza sauti kuwa namba na kuirudisha. Ukikiunganisha kwa namna ambayo sauti kavu ya gita inapita njia nyingine na kukutana nacho kwenye miksa, zile milisekunde mbili tatu zitakata baadhi ya masafa na gita litasikika limebana kama linatokea kwenye bomba. Ipitishe sauti yote ndani ya kifaa.

Korasi yangu ya stereo nyumbani ni pana na nzuri. Ukumbini fundi mitambo akichukua nyaya zote mbili, korasi inapotea kabisa. Ananiambia pedali ni mbovu. — Mpiga gita wa hoteli, Mombasa

Pedali yako haina ubovu. Kuna namna mbili za kutengeneza stereo. Moja ni kama ya JC-120: spika moja hutoa sauti kavu, nyingine hutoa ile inayoyumba, na zinachanganyika hewani. Ya pili hutoa sauti kavu pande zote mbili, lakini nakala inageuzwa kinyume upande mmoja: kushoto inajumlishwa, kulia inatolewa. Ukumbi mwingi hupiga mono. Fundi akiziunganisha pande hizo mbili, kilichojumlishwa na kilichotolewa vinafutana, unabaki na gita kavu. Hesabu imefanya kazi yake.

Ukumbini mpe tundu moja tu, lile lililoandikwa A au Mono. Kwenye pedali nyingi kuchomeka tundu hilo peke yake kunaurudisha mchanganyiko kamili, kwa hiyo uchomoe waya wa pili kutoka kwenye pedali yenyewe. Kuuzima kwenye miksa hakutoshi. Usitumie pia kebo ya Y kuunganisha matundu mawili. Kama fundi anakubali stereo, mwombe azisukume njia hizo mbili kushoto na kulia hadi mwisho, na mkague kabla watu hawajaingia: abonyeze kitufe cha mono kwenye miksa, akisikia korasi imetoweka mmejua mna pedali ya aina gani.

Fundi mwenzangu wa redio na amplifaya hapa. Nimeletewa pedali ya korasi yenye MN3007. Sauti kavu inapita, korasi hakuna. Dukani kuna MN3207 tu. Naweza kuibadilisha? — Fundi, Arusha

Usiibadilishe, fundi. Miguu yake inafanana kwa mpangilio lakini umeme unakwenda kinyume. Kwenye pedali ya volti 9, mguu wa 1 wa MN3007 hupata chanya na mguu wa 5 huenda graundi. MN3207 inataka mguu wa 1 graundi na wa 5 chanya. Ukiichomeka hapo umeipa umeme wa kinyume, itakufa. Hata klok zake ni tofauti: MN3007 huenda na MN3101, MN3207 huenda na MN3102.

Lakini kabla hujailaumu BBD, fuata sauti. Pima mguu wa 1 na wa 5: je, umeme upo? Weka mita kwenye DC, gusa mguu wa 2, kisha wa 6. Klok ikiwa hai, mita itasoma karibu nusu ya umeme wa chipu kwenye miguu yote miwili, kwa sababu inapima wastani wa wimbi la mraba. Ukisoma sifuri au umeme kamili, klok imekufa, na kosa liko kwa MN3101 au vipuri vinavyoizunguka. Sasa chukua kebo ya amplifaya, funga kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye ncha ya ishara, graundi yake ifunge kwenye graundi ya pedali. Mtu apige gita. Gusa mguu wa 3: sauti ikikosekana hapo, tatizo liko kabla ya BBD, mara nyingi ni kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 1 au 10 iliyokauka. Ikiwepo, gusa mguu wa 7 na wa 8. Sauti iko kwenye 3, klok inapiga, lakini 7 na 8 kimya au mkwaruzo? Jaribu kwanza rezista ndogo ya kurekebisha bias. Weka alama ya kalamu pale ilipo, izungushe polepole sana pande zote mbili, na usikilize mguu wa 7. Mara nyingi sauti hurudi hapo, na kazi imekwisha bila chipu mpya.

Ikibidi kubadilisha, fahamu kwamba Matsushita haitengenezi tena chipu hizi. Kwa sakiti za MN3207 ipo V3207 ya Coolaudio, mpya. MN3007 halisi zimebaki za akiba, na sokoni kuna nyingi zilizoandikwa upya. Sugua mgongo wa chipu kwa pamba yenye asetoni. Maandishi yakitoka, au mgongo ukionekana umepigwa msasa, usilipe. Lehemu soketi ya miguu minane, usilehemu chipu yenyewe. Bodi za zamani njia zake za shaba hubanduka upesi: sekunde tatu kwa mguu, halafu acha ipoe.

Ukimaliza, badilisha elektroliti zote kwa thamani ile ile, volti 16 au 25. Na pedali ikibaki na "tik-tik", angalia chipu ya LFO. Op-ampi inayokula umeme mdogo, kama TL022, haitikisi umeme wa bodi sana inapogeuka. Aliyewahi kuweka ya aina nyingine ndiye aliyeleta mlio. Kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na mguu wake wa umeme husaidia.

Korasi ikae kabla au baada ya distosheni? — Mwanafunzi wa gita, Dar es Salaam

Baada. Distosheni ikitangulia, korasi inapokea sauti iliyokwisha kujaa na kuiyumbisha yote kwa pamoja. Ukigeuza, distosheni inaziponda sauti mbili zilizokwisha kuchanganyika, na unasikia msuguano wenye mawimbi. Dilei na riva, yaani efekti za mwangwi, zifuate nyuma ya korasi. Ukiitumia kwenye njia ya efekti ya amplifaya, pedali ya zamani ya volti 9 inaweza kukwaruza kwa kuwa njia hiyo ina nguvu kubwa kuliko gita. Shusha Send, yaani kiwango cha sauti inayotoka kwenye njia hiyo kwenda kwenye pedali, au irudishe pedali mbele ya amplifaya.

Napiga besi. Nikiwasha korasi ya gita, besi inakosa tumbo. Kwa nini? — Msomaji, Unguja

Kwa sababu nakala inayoyumba inagombana na sauti halisi kwenye noti za chini, na hapo ndipo tumbo la besi lilipo. Unahitaji pedali inayoacha sauti nzito bila kuziyumbisha. Boss CEB-3 ina nobu ya Low Filter kwa kazi hiyo: izungushe huku ukipiga E ya chini mpaka noti isimame imara, kisha panda hadi waya wa G uhakikishe korasi bado ipo. Rate iwe chini, Depth isipite katikati. Kwenye wimbo ambao ngoma na besi zinakwenda pamoja kwa kubana, izime.